Sentensi Isiyokuwamo

Kitasa cha maabara kilimwashia taa nyekundu. Akaipangusa kadi kwa sketi, akaigusisha tena. Nyekundu. Kupitia kioo aliviona vipande vyake vya zege vimelala ndani ya beseni la maji, siku ya kumi na moja kati ya ishirini na nane za kukomaa, na wenzake wawili wakivaa makoti meupe bila kugeuka.

Katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ofisa mwenye miwani alimweleza polepole, kama mtu anayefungua bandeji. "Muhula huu uliacha somo moja. Ukashuka chini ya kiwango cha viza yako, nayo ikafutwa. Una siku kumi na tano za kuondoka nchini."

"Nilikuwa nimelazwa! Msimamizi wangu ndiye aliyeniambia niliache."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo. Kando ya kitanda."

Ofisa alivua miwani. "Dada yangu, ya mdomo hayapokelewi hapa. Akiandika kwamba alikushauri yeye, nitapeleka rufaa. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana."

Msimamizi huyo, ambaye wanafunzi walimwita Mzee Zege, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Ni yeye aliyemletea machungwa hospitalini, akamwambia, "Liache hilo somo, mwanangu, upone kwanza." Sasa alikuwa akizipanga upya kalamu zake mezani.

"Nilisema kwa nia njema."

"Najua, Profesa. Hayo hayo ndiyo nakuomba uandike."

"Mwaka jana niliitwa kujieleza kwa jambo kama hili." Akatazama dirishani. "Nitaandika kitu. Usijali."

Akangoja siku tatu. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alipiga simu na kumwita "injinia wangu." Akacheka kicheko kikavu, akasema masomo yanakwenda vizuri. Kisha akaketi kwenye sakafu ya bafu, taulo kinywani, majirani wasimsikie.

Ijumaa saa nne, katibu muhtasi alimkabidhi bahasha. Mzee Zege alikuwa amesafiri kikazi. Barua ilikuwa nzuri mno: bidii, nidhamu, kipaji adimu. Aliisoma mara tatu akiitafuta sentensi moja. Haikuwamo. Akampigia, simu ikaita mpaka ikakatika.

Lakini kati ya aya ya mwisho na saini palikuwa na nafasi ya upana wa vidole viwili. Aliipima pale pale kwenye ngazi.

Maktabani aliiandika sentensi hiyo kwenye kompyuta, kwa herufi za aina ile ile, akaiweka barua ndani ya printa. Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Nani angejua? Aliitazama saini yenye mkia mrefu, ya mtu aliyemsifu ukurasa mzima ili asiseme jambo moja, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuona huruma wala woga. Aliona hasira. Juma zima alikuwa amezunguka akimtafuta wa kumsemea.

Akaichomoa barua, akafuta maneno kwenye kompyuta, akatoka mbio.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba. Ofisa aliisoma barua hadi chini, akaigeuza nyuma.

"Haimo."

"Haimo," alijibu akihema. "Hataki kuisema. Lakini mimi nilikuwepo. Nipe karatasi niandike mwenyewe, jina langu, tarehe, kitanda namba ngapi, alisema nini."

"Sijui kama itakubaliwa. Sitaki nikudanganye."

"Usinidanganye. Nipe karatasi tu."

Ofisa akamsukumia karatasi na kalamu. Mstari wa kwanza ulikwenda mshazari, wa pili ukanyooka. Alikuwa katikati ya ukurasa saa sita ilipotimia. Ofisa aliinuka, akafunga dirisha la kupokelea nyaraka, akageuza kibao cha mlangoni. Kisha akarudi kitini, akakunja mikono, na hakumwambia atoke.