Upande wa Kulia wa Shaba

Kitinda alikuwa bado hajafumbua macho kule hospitalini pale baba yake alipoamua kwamba Shaba, farasi wao jike, lazima afe.

Mzee hakupiga kelele. Alilisema jikoni, amesimama, kikombe cha chai mkononi, kwa sauti ya mtu anayeagiza sabuni dukani.

“Daktari wa wanyama anakuja kesho asubuhi. Atamchoma sindano, basi. Nimeshaongea naye.”

Binti yake aliacha kukata vitunguu. Watu wote mazizini walimwita Fundi, maana farasi aliyeingia mkali mikononi mwake alitoka mpole, na jina hilo lilikuwa limemganda hata nyumbani. Baba mwenyewe, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, alimwita hivyo akiwa na furaha. Siku hizi hakumwita jina lolote.

“Baba, farasi hamwangushi mtu kwa makusudi.”

“Mdogo wako amelala kama gogo. Hayo makusudi yake niyafanyie supu?”

Fundi alirudia vitunguu vyake. Kubishana na mtu mwenye jeraha bichi ni kutwanga maji. Tena kilichomuuma hakikuwa maneno ya baba, bali kwamba yeye mwenyewe hakujua kilichomkuta Shaba. Shaba alikuwa mwanafunzi wake tangu angali mtoto wa farasi, miguu mirefu kama ngazi. Yeye ndiye aliyemzoesha lijamu mdomoni, yeye ndiye aliyemtandika tandiko la kwanza na kukaa juu yake bila kupumua. Na yeye ndiye aliyemwambia Kitinda, “Mpande tu, huyu ni wa nyumbani.” Halafu huyo wa nyumbani, akiwa anakimbia vizuri kando ya uzio, aliruka pembeni ghafla kama aliyemwagiwa maji ya moto, na Kitinda akaenda kichwa mbele hadi kwenye nguzo.

Kwa nini? Waliokuwepo walisema hawakuona kitu. Mmoja tu alikumbuka kwamba kulikuwa na mtu ng’ambo ya uzio aliyekuwa akikunjua turubai. Lakini Shaba alikuwa ameona maturubai maisha yake yote.

Mchana ule Fundi aliingia zizini akafunga mlango. Alianza pale baba alipomfundisha kuanzia: farasi akibadilika tabia, kwanza tafuta anapoumwa, ndipo umwite mkaidi. Alimpitisha kiganja mgongoni, taratibu, akisikiliza kwa vidole kama kuna mahali nyama inatetemeka. Hakuna. Akafungua kinywa, akatazama meno na kona za midomo ambako lijamu hukaa. Safi. Akanyanyua kwato moja baada ya nyingine, akagonga, akanusa. Akaligeuza tandiko, akapapasa upande wa chini kutafuta msumari, uvimbe, mshono uliokatika. Hakuna, hakuna, hakuna. Alitamani angalau apate mwiba. Mwiba mmoja tu wa kumpelekea baba.

Alipoishiwa alikaa chini kwenye majani makavu, akaegemea ukuta, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alilia bila sauti, mkono mdomoni, mpaka kichwa kikamuuma. Kisha akasimama kujifuta.

Shaba alirukia ukuta wa pili, akajigonga, akabaki anatetemeka, pua zimetanuka.

Fundi aliganda. Farasi huyu alikuwa naye humo ndani muda wote. Inakuwaje ashtuke kana kwamba mtu ametoka ardhini? Akatazama alipokuwa amekaa. Alikuwa upande wa kulia. Farasi huongozwa kwa kushoto, hutandikwa kwa kushoto, hupandwa kwa kushoto. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha wengine. Upande wa kulia mtu hupita tu akiwa na haraka.

Akasogea upande wa kushoto wa Shaba. Akainua mkono polepole mbele ya jicho la kushoto. Jicho likapepesa, sikio likamfuata. Akazunguka kwa mbali huku akisema naye, akainua mkono upande wa kulia, mbali kidogo ili upepo usiziguse nywele za uso. Kimya. Akainua kitambaa chekundu. Kimya. Jicho lilikuwa wazi, kubwa, zuri, lakini ndani ya mboni mlikuwa na ukungu kama maziwa yaliyoongezwa maji.

Hapo mambo yote yakaja kwa pamoja, kama watu waliokuwa wakisubiri mlango ufunguliwe. Shaba kugonga nyonga ya kulia mlangoni. Shaba kukataa kukata kona kuelekea kulia, wakamwita mjeuri. Shaba kutembea ameinamisha kichwa upande kama bibi anayesikiliza umbea. Yote hayo alikuwa akiwaambia. Na siku ile turubai lilipokunjuliwa, lilitoka gizani.

Alikimbia mpaka hospitali. Baba alikuwa kwenye benchi la korido, mikono katikati ya magoti.

“Baba, nimejua. Shaba haoni kwa jicho la kulia.”

Mzee alimwinulia uso taratibu, kama mtu aliyetaniwa msibani.

“Na Kitinda haoni kwa yote mawili,” alisema.

Asubuhi daktari wa wanyama alikuja, mtu mnene wa maneno machache. Kabla hajafungua mkoba, Fundi alimwomba atazame jicho. Akatazama kwa tochi, muda mrefu, huku akinung’unika peke yake.

“Limekwisha hili,” alisema. “Tena linamuuma. Ugonjwa huu huja na kuondoka, mtu akiona chozi anadhani vumbi. Tukilitoa maumivu yataisha. Na wa jicho moja anaweza kupandwa miaka mingi tu, mradi afundishwe upya. Anataka kupigiwa hodi. Usimguse upande huo kabla hujamsemesha. Ukitaka apite kitu asichokiona, mgeuzie kichwa, jicho zima likione kwanza.”

“Daktari,” baba alisema, “nilikuitia sindano.”

“Mzee wangu, farasi huyu hana kosa.”

“Sikukuuliza kosa. Ni wangu, na nimesema.”

Fundi alimtazama baba akaelewa. Mzee alikuwa ameuamini ule ugonjwa. Haukumsaidia kitu. Kwa siku zote hizi alikuwa amekaa kwenye lile benchi bila cha kufanya, na Shaba ndiye kitu pekee alichoweza kukitolea amri kikatii.

Daktari alimwangalia baba, akamwangalia binti, akaingiza mkono mkobani, akautoa mtupu.

“Dawa yenyewe nimeiacha ofisini,” alisema polepole. “Nitarudi alasiri.”

Fundi alikuwa ameiona chupa. Daktari akafunga mkoba bila kumtazama mtu, akaondoka. Baba naye akarudi hospitali.

Dereva wa lori la farasi alikataa katakata kumbeba Shaba. “Dada, mzee atanila mbichi.” Basi hakukuwa na njia nyingine. Mjomba, ndugu yake marehemu mama, alifuga farasi upande wa pili wa mji, ng’ambo ya daraja. Fundi alimtandika Shaba, akakaza mkanda wa tumbo, akatia mguu kwenye rikabu, akatoka naye barabarani mchana kweupe: farasi wa jicho moja asiyejua kwamba ana jicho moja, na mwanamke aliyekuwa akitetemeka kuliko farasi.

Kitu cha kwanza kilikuwa ni kupumua. Mpandaji akizuia pumzi, farasi naye huzuia, akiamini aliye juu ameona chui. Fundi akalazimisha pumzi zitoke ndefu, akalegeza mabega, akalegeza hatamu. Kila mfupa wake ulitaka kuzivuta, lakini farasi mwenye hofu ukimbana mdomo unamwambia hana pa kukimbilia, na asiye na pa kukimbilia hupigana. Akashika ukingo wa kulia wa barabara ili magari yote yapite kushoto, upande wa jicho zima. Na akasema. Hakuacha kusema. “Hilo duka. Huyo mama na ndoo zake. Hilo shimo, tunaliruka kidogo, haya, binti mzuri.” Watu walimtazama kama kichaa. Sikio moja la Shaba lilikuwa limegeukia nyuma, kwake, na hilo tu ndilo alilolitaka: sikio likiwa kwako, akili iko kwako.

Walifika darajani hivyo. Na pale darajani mpango wote ukaharibika.

Upande wa kulia ulikuwa umechimbwa. Kibarua mwenye bendera aliwaelekeza wote waendao kwa miguu wapite kushoto, wakibana reli ya chuma iliyofika kiunoni tu, huku malori yakipita kuliani mwao. Upande wa giza.

“Pita, mama, unazuia watu!” kibarua alipiga kelele.

Fundi alishuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya Shaba, alikwenda kusimama kulia kwake, kati yake na magari, akamwekea kiganja begani. Shaba alikakamaa. Hakuwahi kuongozwa upande ule. Kwa farasi, ulichomfundisha kushoto hujamfundisha kulia, ni kama kuwafundisha wanyama wawili. Fundi akaegemeza bega lake zima kwenye la farasi, ili ajue mwisho wa giza kuna mtu.

“Niko hapa. Hodi. Niko hapa.”

Wakaingia. Mto chini ulikuwa mbali na wa rangi ya kutu. Lori la kwanza likapita, upepo wake ukamvua Fundi kitambaa cha kichwa. La pili lilipofika ubavuni mwao likafunga breki, zikatoa mlio mkali wa hewa. Shaba aliruka kushoto, tumbo likagonga reli, chuma kikalia. Kwato moja iliteleza. Na wakati huohuo simu ya Fundi ikaanza kuita mfukoni.

Alijua ni baba. Baba hakuwa mtu wa kupiga simu. Alijua, kama mtu ajuavyo mvua kwa harufu, kwamba Kitinda amekufa.

Angeweza kukaa pale pale akaiachia hatamu, farasi aende alipotaka, hata mtoni. Simu iliita ikakatika, ikaita tena. Shaba alikuwa akitweta, shingo imelowa. Fundi hakuvuta. Alilegeza hatamu, akaukumbatia uso wa farasi kwa mkono mmoja, akaugeuza taratibu kuelekea kulia, kulia zaidi, mpaka jicho la kushoto likaliona lori.

“Lione. Ni lori tu. Limesimama. Ona na dereva wake, anakula muhindi. Shaba, usinifanyie hivi. Mdogo wangu nimempoteza, nasikia simu, nimempoteza, na wewe usiende. Baba atabaki na nani? Mimi nitabaki na nani? Ona lori. Ona.”

Hakujua amesema kwa muda gani. Alichojua ni kwamba mahali fulani katika maneno yale shingo chini ya mkono wake iliacha kuwa ubao. Shaba alishusha kichwa, akatafuna hewa, akapiga pumzi ndefu yenye mate. Kisha akapiga hatua moja, bega lake likimtafuta Fundi kabla ya kukanyaga. Wakavuka hivyo, bega kwa bega, kama wagonjwa wawili.

Ng’ambo ya pili hakupiga simu. Hakuthubutu. Alitembea kwa miguu njia yote iliyobaki.

Mjomba alikuwa amesimama langoni, mikono kiunoni.

“Baba yako amepiga.”

Fundi alishika kamba ya lango. “Sema, Mjomba.”

“Kitinda amefumbua macho.”

Fundi akakaa chini mavumbini na hatamu mkononi. Mjomba akachuchumaa mbele yake.

“Hajasema kitu, na mkono mmoja haujasogea. Usianze kupiga vigelegele. Lakini amefumbua.” Akamtazama Shaba. “Dereva wa lori amemwambia baba yako, naye amesema nikimpokea huyu, undugu wetu umekwisha.”

“Nawe ukasemaje?”

“Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii.”

Jioni Fundi aliingia wodini akinuka jasho la farasi. Kitinda alikuwa amelala macho wazi, akitazama dari kama anayesoma kitu kigumu. Macho yakashuka yakamkuta dada yake, yakakaa hapo. Hayakutabasamu, lakini yalikaa. Baba alikuwa upande wa pili wa kitanda.

“Ukimrudisha yule farasi pale kwangu,” alisema bila kuinua kichwa, “ahadi yangu iko palepale.”

“Simrudishi.”

“Haya.”

Hawakusemezana tena usiku ule, wala majuma yaliyofuata, ila mambo ya dawa na chakula. Shaba alitolewa jicho. Kitinda alirudi nyumbani na maneno yakamrudia, machache, yaliyogongana, lakini mkono haukurudi. Hakuna aliyesema kwamba ungerudi.

Kila asubuhi Fundi alikwenda kwa Mjomba kumfundisha Shaba mambo yote upya kuanzia upande wa kulia: kusimama, kuongozwa, kutandikwa. Zilikuwepo siku alizorudi amekanyagwa mguu na amekata tamaa. Lakini ikaja asubuhi moja ambapo Shaba alikimbia kwa mwendo mwepesi, mizunguko mizima, hatamu zikining’inia, akimwachia Fundi giza lote alichunge. Aliposhuka alikuwa na furaha iliyomuuma kifuani, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Akampigia baba kabla hajajizuia.

“Baba, leo amekimbia.”

Alisikia kiti kikivutwa sakafuni, baba akiketi.

“Usimharakishe,” baba alisema mwishowe. “Mwache apumzike siku mbili, ndipo umrudie.”

Nyuma ya sauti yake Fundi alimsikia Kitinda akilalamika, neno moja moja, kwamba chai yake imepoa.