Mlango Kabla ya Paa

Chumba walichopanga kilikuwa kimoja, na nusu yake ilikaliwa na nyumba ambayo bado haijasimama. Mifuko ya saruji ililala chini ya kitanda, na kitanda kiliinuliwa kwa matofali mpaka mama watoto akawa anakipanda kama anadandia lori. Fremu za madirisha ziliegemea nyuma ya kabati. Mlango wa mbele, mbao nzito isiyotaka mchezo, ulilazwa juu ya ndoo za rangi ukawa meza. Hapo walikula, hapo binti yao alifanyia hesabu za shule, hapo walisali kila jioni. Kijiko kikipotea, kilitafutwa chini ya tundu la kitasa.

Baba wa familia hiyo alikuwa mwashi. Watu walimwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hakuvumilia ukuta uliopinda wala neno lililopinda. Wiki nzima alijenga nyumba za watu, Jumamosi akajenga yake. Kuta zilikuwa zimefika kifuani. Naye alikuwa ameapa kwamba hakuna mgeni atakayekanyaga pale kabla ya paa.

"Sitaki watu waje kunipimia," alisema, na yakaisha.

Lakini kikundi chao cha sala kilikutana kila Alhamisi nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu. Zamu yao ikifika, mkewe aliikwepa: mara mtoto ana homa, mara nguo za wateja zimejaa kwenye cherehani. Jumapili moja, watu wakiwa wanasalimiana nje ya kanisa, kiongozi wa kikundi akaona imetosha. Aliitwa Mama Kengele, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Na nyinyi wa fundi, mtatufungulia mlango lini? Au mlango wenyewe hakuna?"

Watu wakacheka. Timazi alimwona mkewe akiinamisha kichwa na kuvitazama viatu vyake, kama vimemwita. Akapiga hatua mbele.

"Mlango upo, mama! Alhamisi hii mje kwangu."

"Kwako wapi, baba? Tukae juu ya kitanda?"

"Nyumbani kwangu. Kwenye kiwanja, nyuma ya shule."

Njiani, walipokata kona, mkewe akamgeukia.

"Baba watoto, leo umekunywa nini? Nyumba gani hiyo? Ile ambayo mbuzi akipita ananiona napika?"

"Umenisikia."

"Nimekusikia, na kanisa zima limekusikia! Si wewe uliyeapa?"

"Niliapa. Lakini mtu hatakufanya uangalie chini mbele za watu, na mimi nipo nimesimama."

Mama watoto akatembea kidogo, akimeza lile neno.

"Basi sawa," alisema. "Umesema mlango upo. Uwepo."

Alhamisi alasiri waliubeba mlango vichwani, Timazi mbele, mkewe nyuma, binti akifuata na bawaba mfukoni.

"Jamani, mmefukuzwa?" jirani aliuliza.

"Tunaenda kwetu!" binti akajibu, kifua mbele.

Fremu ya mlango Timazi alikuwa ameijengea ukutani tangu mwanzo. Akaufunga mlango kwa bawaba, akashusha timazi, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Umenyooka. Kwenye mbao palikuwa na duara la sufuria ya moto na hesabu ya kugawanya iliyokosewa. Hakuifuta. Mkewe alifagia udongo, akapanga mbao juu ya matofali ziwe mabenchi, akafunga kilemba chake cha Jumapili.

Wageni wakatokea, Mama Kengele mbele. Alipoona kuta fupi na anga tupu juu yake, akacheka mpaka mabega yakacheza. Kisha akaona uwazi wa mlango wa jikoni, ambao haukuwa na kitu, akakata kona kuuelekea.

"Wapendwa, hapa mtu anaingilia anapotaka!"

Wenzake wakaanza kumfuata. Timazi akafungua kinywa, na kilichokuwa kinataka kutoka hakikuwa sala. Mkewe akamshika mkono. Kisha akasimama wima ndani, kando ya mlango wa mbele uliofungwa.

"Mama," alisema, bila kupaza sauti, "wageni wetu wanaingilia mlango wa mbele."

Mama Kengele alisimama, mguu mmoja ndani ya jiko lisilokuwepo. Akamtazama juu ya ukuta yule mwanamke aliyezoea kumwona akiinama. Safari hii macho hayakushuka.

Mama Kengele akautoa mguu. Akazunguka nyumba yote, na wenzake nyuma yake, akafika mbele ya mlango. Angeweza kuweka viwiko juu ya ukuta wakaongea. Badala yake akanyoosha gauni lake, akagonga.

"Hodi wenyewe!"

"Nani?" mama watoto akauliza, wakitazamana uso kwa uso juu ya ukuta.

Mtu mmoja akacheka. Mama Kengele naye akacheka, lakini kicheko chake cha sasa hakikuwa kile cha kanisani.

"Ni mimi, mwanangu. Nimekuja kusali nyumbani kwako."

"Karibu, mama. Karibuni nyote."

Timazi akauvuta mlango. Haukulia, haukukwama. Wakaingia mmoja mmoja, na kila mmoja, hata asijue kwa nini, alifuta viatu kizingitini kabla ya kukanyaga udongo. Mama Kengele alisimama kando akawapisha wote. Wa mwisho alipopita, akageuka, akaufunga mlango taratibu, akausukuma kidogo kuhakikisha umeshika.

"Upepo usiingie," alisema.