Kizazi Kilichofinyangwa kwa Ugali

Wifi yangu Loisi haoni tangu utotoni, lakini ukitaka kumdanganya, jipange. Alisoma Buigiri, shule ya wasioona, sasa ni mwalimu, na kila kitu anataka akishike ndipo aamini. Kaka yangu mdogo, Sostenes, alipomwoa, mama alinung'unika. Mimi nilimpenda siku alipoonja mchuzi wangu akaniambia ukweli.

Jioni ile tulikuwa kwa mama, Nzuguni, na mama alikuwa amekataa katakata. Kliniki walimpima Loisi wakaona madoa ambayo yakiachwa yanaweza kugeuka saratani. Walitaka arudi kesho yake wayaunguze. Nesi alisema madoa yako kwenye mlango wa kizazi, daktari akasema shingo ya kizazi. Mama akaelewa magonjwa mawili, na kizazi kinachokwenda kung'olewa.

"Hata mjukuu hajanipa," alisema. "Haendi mtu."

Sostenes aliinamia sahani. Kaka yangu huyo mbele ya mama ni kondoo, na nilitamani kumfinya.

Loisi hakupandisha sauti. Alimega ugali wa uwele, pande zima, akaanza kufinyanga.

"We Loisi! Chakula hakichezewi!"

"Nisamehe, mama. Kule kliniki wana picha ukutani. Nikawaambia picha hainisaidii, nipeni kitu nishike. Nesi akaniletea mfano wa plastiki, nikaupapasa mpaka yeye ndiye akachoka. Fumba macho, nikuonyeshe."

Mama yangu hafumbi macho hata kanisani wakati wa sala. Akafumba.

Loisi alimshika mkono. "Hiki kinene cha juu ndicho kizazi, kama kibuyu kilichopinduliwa mdomo chini. Mtoto hukaa humu. Shuka. Hapa panapobana ndipo shingo, na mlango ni hapa hapa. Ni sehemu moja, wameipa majina mawili. Chini yake ni njia ya kutokea mtoto. Huku pembeni ni mirija, na huku mwisho vifuko vya mayai." Akabonyeza ukucha kwenye ncha ya shingo. "Ugonjwa wangu uko hapa. Watakapounguza ni hapa tu, mama. Kizazi kinabaki."

Mimi nimezaa, na siku zote nilidhani mlango na shingo ni vitu viwili. Niliona aibu, halafu nikaona fahari kwamba mwanamke huyu ni wa kwetu.

Mama hakufumbua macho. Vidole vyake vilipanda tena, vikatulia kwenye kile kinene.

"Nilipomzaa Sostenes damu ilikataa kukatika," alisema. "Wakanipasua. Wakasema wamenisafisha. Sikuingia mwezini tena, na hakuna aliyeniambia kwa nini. Nimekwenda kwa waganga. Nimefunga, nimeomba. Loisi, mimi walinitoa nini?"

Sostenes aliacha kula. Sisi mama alituambia watoto wawili walimtosha.

Loisi alikitenga kile kinene taratibu, akakiweka kwenye kiganja cha mama, akamfumba vidole.

"Nadhani ni hiki, mama. Daktari akikupima atakwambia kwa hakika."

Mama alikishika muda mrefu, machozi yakimdondoka, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

"Kesho nakupeleka mimi," alisema hatimaye. "Tutaingia wote. Wakitaja neno nisilolijua, Loisi, wewe niulizie."