Rota Ilitazama Rejeta

Bwenini kwetu mimi nina heshima zangu. Ni mimi niliyesogeza mbele saa ya kengele mpaka wasichana mia mbili wakaamka na kuoga gizani wakidhani kumekucha. Ni mimi pia niliyebandika kwenye ubao wa matangazo barua yenye muhuri wa kiazi, ikiwataka viranja wote wakapimwe urefu wa masikio. Kumi na mmoja walikwenda. Kwa hiyo nilipofika kwa Bibi mzaa mama likizo ile, nilifika kama mtaalamu aliyetumwa kikazi.

Bibi amefundisha ufundi wa magari chuoni miaka thelathini na moja. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Taimingi, kwa sababu akisikiliza injini ikiunguruma dakika moja anakwambia ina ugonjwa gani na nani aliyeuleta. Gari lake lina umri mkubwa kuliko mama yangu: la kijani, taa za mviringo, boneti ndefu kama meza ya mkutano. Analiendesha mwenyewe sokoni na kanisani, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa, hata kulifuta vumbi.

Juma lile distribyuta ilikuwa inavuja oili shingoni. Kwa wasioijua, hiki ni kikombe cha chuma kinachosimama ubavuni mwa injini, kimevaa kofia ya plastiki yenye nyaya nene. Ndani yake kuna rota, kijimkono kinachozunguka na kugawa umeme kwa plagi nne, kila moja kwa zamu na wakati wake; huko kupanga wakati ndiko taimingi. Ukiichomoa ile distribyuta na usikumbuke rota ilikuwa inatazama wapi, umejitafutia.

Ndiyo maana Bibi, ambaye hajapaka kucha tangu azaliwe, ana chupa ya rangi nyekundu ya kucha. Kabla ya kufungua kitu chochote anaweka alama. Safari hii alizungusha kwanza injini mpaka ikawa zamu ya plagi ya kwanza, kisha akaweka alama moja kwenye shingo ya distribyuta, nyingine kwenye injini, na ya tatu kwenye ukingo wa kikombe, pale hasa ncha ya rota ilipoelekea. Chuoni aliwafundisha hivi: fundi akijikuta anabishana na alama aliyoiweka mwenyewe, aiamini alama.

Nilikuwa nimelijua somo hilo tangu nikiwa na miaka sita, na sasa naona aibu kulisema.

Jumanne alasiri alibadilisha sili ya kuzuia oili kwenye meza ya kazi, akaweka pointi mpya za kukatia umeme, kisha akaingia ndani kunywa chai. Nikatoa pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikaifuta ile alama ya rota, iliyokuwa upande wa rejeta, puani mwa gari, nikachora nyingine upande wa pili kabisa, uliotazama kioo cha mbele. Nikaipuliza ikauke. Mfukoni nilikuwa na hotuba niliyoiandika kwa mwandiko wa kiofisi, kwa jina la Baraza nililolibuni mwenyewe: "Baada ya uchunguzi wa kina, Baraza limeridhika kwamba Mwalimu Taimingi amefeli taimingi, na sasa atarudia kidato." Nilipanga gari likohoe, nisome hotuba, nikimbizwe na kandambili, kisha tucheke mpaka mbavu ziume.

Bibi akarudi. Akaishika distribyuta, akaitazama. Akaitazama tena kwa muda mrefu kidogo. Kisha akageuza rota mpaka karibu na alama yangu, akaishusha mahali pake ikakaa juu ya alama, akakaza boliti, akarudisha kofia.

"Washa," akaniambia.

Nikawasha. Stata ikazungusha injini, mara kabureta ikapiga mlio kama mlango wa bati uliobamizwa, na kijimoto kikaruka. Bibi akarudi nyuma hatua mbili.

"Tena."

Mlio mwingine. Paka wa jirani akahama mtaa.

Bibi akakagua petroli, ipo. Akachomoa plagi, akaona cheche. Ipo, tena ya bluu. Akazipitia nyaya moja baada ya nyingine huku akihesabu kwa sauti zamu za plagi, "Moja, tatu, nne, mbili." Zote ziko sawa. Mimi nyuma ya usukani nilikuwa nimeuma ukosi wa shati nisicheke. Nikaishika hotuba mfukoni. Nikashuka, nikakohoa kama mwenyekiti.

Bibi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mjukuu wangu," akasema, "imeanza."

"Nini, Bibi?"

"Nilipoichomoa asubuhi, nakumbuka rota ilitazama rejeta. Naiona kabisa mpaka sasa. Lakini alama inasema kioo. Na alama nimeiweka mimi, hakuna mwingine anayeshika gari hili." Akajigonga paji la uso kwa kidole chenye grisi. "Basi kilichokosea ni hiki. Kimeharibu alama au kimeharibu kumbukumbu, yote mamoja. Na dada yangu ilimwanza hivihivi."

Dada yake alifariki mwaka juzi. Ilianza kwa kuweka funguo ndani ya jagi, ikaishia kwa kumwuliza mwanawe wa kumzaa kama amekuja kusoma mita ya maji. Bibi ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nao. Siku zote ninao. Walimu wangu wameandika habari zake kwenye ripoti. Lakini nilimtazama Bibi pale kwenye ndoo, mabega yameshuka, nikajua nikisema "ni mimi" nitakuwa mtu aliyemfanyia Bibi kitu kile. Nisiposema, nitabaki mjukuu wake kwa muda kidogo zaidi. Nikachagua muda kidogo.

"Umechoka tu, Bibi," nikasema. "Njoo upumzike."

Akainuka bila ubishi. Bibi yangu huinuka kwa ubishi hata akiitwa kula.

Jioni nilimsikia akiongea na Mjomba kwenye simu. Mjomba, mwanawe mkubwa, anaishi ghorofa ya nne mjini, na kwa miaka miwili amekuwa akimsihi ahamie kwake, aiache nyumba na hasa gari. Kila mara Bibi alimjibu kwamba hajawahi kuona gari likipanda ngazi. Safari hii alisema, "Njoo kesho unichukue. Funguo utazikuta mezani."

Asubuhi, Bibi akiwa chumbani anakunja nguo zake, mimi nilikuwa chini ya boneti. Mpango ulikuwa kusahihisha kosa kimyakimya: distribyuta itoke, alama irudi rejeta, gari liwake, iwe ni miujiza. Baraza lisihusike.

Nikalegeza boliti, nikaichomoa. Nikageuza rota ikatazama rejeta, nikaishusha. Ilipokaa, rota haikutazama rejeta tena, ilitazama betri. Nikaichomoa, nikarudia. Betri. Meno ya gia yake yamekatwa mshazari, kwa hiyo kila ikishuka inajizungusha kidogo, na mtu anapaswa kuanza nyuma kidogo ili ifike inapotakiwa. Hilo sikulijua. Nilidhani injini ndiyo imesogea, nikashika feni ya injini kwa mikono miwili na kuizungusha, injini nayo ikafuata, mpaka ikaonekana vizuri kwa macho yangu ya kitaalamu. Kwa kufanya hivyo nikaharibu hata kile kilichokuwa kimebaki salama. Sasa hata alama ya kweli, kama ningeirudisha, isingekuwa na maana, kwa sababu stata ya jana, na sasa feni, zilikuwa zimeziondoa pistoni mahali Bibi alipoziacha.

Nilikuwa nimeshika distribyuta mkononi kama kuku aliyechinjwa wakati gari la Mjomba lilipoingia getini.

Niliwakuta sebuleni. Sanduku la Bibi lilikuwa mlangoni. Lilikuwa dogo sana. Bibi alikuwa amevaa gauni la safari, na funguo za gari zilikuwa juu ya meza, mbele ya Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona mikono iko hivyo?"

Nikasema yote. Nilianza na pamba, nikaenda kwenye rangi, nikafika mpaka feni. Sikuweka pambo lolote. Nilipomaliza nilikuwa nalia machozi ya kweli, jambo ambalo sina rekodi nalo.

Mjomba akaniangalia kwa upole, na upole ule ukanikata kuliko kofi.

"Njoo hapa, mwanangu," akasema. "Unampenda Bibi yako, naelewa. Lakini usijibebeshe."

"Mjomba, ni mimi!"

"Wewe? Wewe ambaye mwezi wa nne ulinipigia simu ukasema shule imeungua?"

"Ile ilikuwa utani!"

"Na ulilia vilevile."

"Rota ilikuwa inatazama rejeta! Nimeifuta mimi!"

"Hilo alilisema mwenyewe jana, hata mimi kaniambia kwenye simu." Akamgeukia Bibi. "Mama, mtoto anakutetea. Ana moyo mzuri."

Moyo mzuri! Kazi yangu yote ya miaka mitatu, kila uongo niliousema kwa uso mkavu, ulikuwa umekaa pale sebuleni ukishuhudia dhidi ya ukweli wangu wa kwanza. Nikamtazama Bibi. Yeye naye alikuwa ananitazama, na niliona kwamba hata yeye hana hakika. Alitaka kuniamini, lakini aliogopa kutaka.

"Distribyuta iko wapi?" akaniuliza.

"Nimeitoa. Na nimezungusha injini. Sijui imefika wapi, Bibi. Hakuna alama inayofaa tena."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Bibi akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya meza kando ya funguo.

"Basi vizuri," akamwambia Mjomba. "Twende tukaone kama kuna mtu nyumbani." Akajigonga paji la uso.

Uani, Mjomba alisimama amekunja mikono. Bibi alivaa koti la kazi juu ya gauni la safari. Hakuomba daftari wala kitabu cha kuangalizia. Akachomoa plagi ya kwanza.

"Pistoni inapanda mara mbili kabla cheche haijahitajika tena," akasema, na sikujua kama anatuambia sisi au anajihoji. "Mara moja inasukuma moshi nje. Mara moja inabana. Nataka ile ya kubana. Macho hayaoni tofauti, kidole ndicho kinachojua. Wewe, mtaalamu. Lete dole gumba."

Nikaweka dole gumba juu ya tundu la plagi. Bibi akachukua spana ndefu, akazungusha injini polepole kwa boliti ya puli, lile gurudumu la mkanda lililo mbele ya injini. Hakuna kitu. Tundu likaninyonya dole kidogo.

"Hiyo siyo," akasema. "Usitoe."

Akaendelea. Ghafla kitu kikaja kutoka chini, kikakua, kikanisukuma dole mpaka likabanduka na kupiga *pfu!*

"Hiyo ndiyo," Bibi akasema. Akapunguza kasi, akainama kwenye puli, akaisogeza mpaka mfuo wake wa kiwandani ukalingana na sindano iliyo kwenye injini.

Akashika distribyuta. Akageuza rota nyuma kidogo ya pale alipoitaka, akaishusha, nayo ikajizungusha ikakaa. Ilitazama rejeta. Akaitoa hata hivyo, akaishusha mara ya pili, ikatazama palepale. Kofia, nyaya, plagi. Alihesabu tena, "Moja, tatu, nne, mbili," na safari hii midomo ya Mjomba ilihesabu pamoja naye. Amekulia kwenye ua ule.

"Washa," Bibi akamwambia Mjomba.

Injini ilizunguka mara mbili, ikashika. Bibi akaweka sikio upande, akaizungusha distribyuta kidogo kwa kiganja, ule mngurumo wenye kigugumizi ukanyooka, akakaza boliti.

Mjomba alizima gari, akashuka. Alikuwa amenuna kama mtu aliyelia bila machozi.

"Mama," akasema. Halafu akanigeukia mimi. "Kumbe kweli ulifanya."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwa mama yangu."

"Ndiyo."

Alirudi ndani, akalirudisha sanduku chumbani, akanywa chai yake amesimama, akaondoka peke yake.

Mimi nilibaki uani nikingoja adhabu. Nilikuwa nimejiandaa. Bwenini tunazijua adhabu, tuna hata majina yake, na adhabu ikiisha mtu anakuwa huru kuanza upya. Bibi alinawa mikono kwa sabuni ya unga, kidole kwa kidole. Nikamfuata.

"Bibi, nifanye nini? Nikate majani? Nioshe vyoo? Nisirudi huku likizo ijayo? Sema chochote."

Akajifuta kwa kitambaa, bila haraka.

"Jana sikulala," akasema. "Nilikuwa najipima. Nikaanza kutaja majina ya wajukuu wangu wote tisa, kimyakimya, nione yupi atanipotea. Nikimaliza, naanza tena." Akakitundika kitambaa kwenye msumari wake. "Kila mara nilianza na lako. Niliona hilo nikilipoteza, basi."

Niliitoa hotuba ya Baraza mfukoni, ilikuwa imelowa jasho na oili, nikaishika tu, maana hata pa kuitupa sikupaona. Bibi alinipita akaingia ndani. Nilimsikia akifungua sanduku chumbani na kuanza kurudisha nguo zake kabatini, moja moja, na nilisimama mlangoni kwa muda mrefu kabla sijathubutu kuuliza kama naweza kumsaidia.

"Njoo," akasema, bila kugeuka. "Lakini usiguse kitu mpaka nikuonyeshe kinakaa wapi."