Tarehe ya Mzee Lauchie

Wiki ya sita sasa Effie MacInnis alikuwa akishinda kwenye maegesho ya hospitali, blanketi magotini, akimpungia mkono baba yake aliyekuwa kwenye dirisha la ghorofa ya tatu. Korona ilikuwa imefunga milango yote ya kisiwa cha Cape Breton, na wa hospitali ndio uliofungwa kuliko yote. Mgonjwa akizidiwa, ndugu mmoja aliitwa, na mara nyingi simu ilichelewa. Mke wa jirani yao alifika akakuta kitanda kinapanguswa. Lakini kulikuwa na njia moja. Mgonjwa asiyepona aliyeomba daktari amdunge sindano ya mwisho, kama sheria ya huko inavyoruhusu, alipangiwa siku na saa, na ndugu mmoja aliruhusiwa kukaa naye muda wa saa mbili kabla ya hapo.

Mzee Lauchie, mapafu yake yamejaa vumbi la mgodi lakini akili ingali kali, aliiona njia hiyo.

"Nimeomba tarehe," alimwambia Effie kwa simu.

"Baba! Unataka kufa?"

"Nani kasema nataka kufa? Siku yenyewe daktari lazima aniulize tena. Nitasema hapana. Wewe utakuwa umeshaingia, tumeshacheza karata. Watanifanya nini, wataniua?" Alicheka mpaka akakohoa.

Daktari Surette alipompigia Effie kumuuliza kama ana wasiwasi wowote juu ya ombi hilo la baba yake, alijibu hana. Uongo huo ulimkaa kooni siku kumi, ila hakuutapika. Alitaka kumshika baba yake mkono, basi.

Jumanne saa nne asubuhi alivishwa vazi la kinga, glavu na barakoa, akapita kwenye korido. Milango ya vyumba ilikuwa wazi na wagonjwa wakamkodolea macho, maana tangu Novemba mgeni alikuwa adimu.

"Wa nani huyo?" bibi mmoja aliuliza kitandani.

"Wa Lauchie," mwenzake akamjibu. "Leo ndiyo siku yake."

"Kajaliwa, jamani. Mimi yangu bado wananizungusha."

Kwenye mlango wa baba yake walikuwa wamebandika ndege wa karatasi nyeupe, ili wapitao wanyamaze. Ndani, mzee alikuwa amenyolewa na kufungwa tai. Viatu vyake na redio vilikuwa vimeshatiwa mfukoni, na mfuko umeandikwa jina la Effie.

"Tangu nipate tarehe wananipenda kama bwana harusi," mzee alinong'ona. "Jana wameniletea kambakochi mzima."

Walikula mkate wa molasi, wakacheza karata, na mzee akaiba kama kawaida yake. Effie alivua glavu moja akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi mno.

Mlango ukagongwa mara tatu.

"Gonga mbili tu, daktari!" mzee akafoka. "Kwetu sisi, mauti ndiyo hugonga mara tatu."

Daktari aliingia na sinia lililofunikwa kitambaa, na nyuma yake muuguzi aliyekatiza siku yake ya mapumziko, akaendesha kilomita themanini kwenye theluji ili amuage. Daktari aliketi karibu kabisa na mgonjwa.

"Mzee Lauchie, bado unataka? Ukikataa tunaondoka, na hakuna atakayenuna."

Mzee alitazama sinia. Akatazama theluji iliyokuwa ikiyeyuka kwenye viatu vya muuguzi, kisha ule mfuko. Effie aliingoja hapana yake. Haikuja. Mzee huyu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu, alikuwa akiona haya.

"Mmetoka mbali hivi," alisema, "na barabara zilivyo..."

"Hilo si jibu, mzee."

"Basi... kama mmeshajiandaa..."

Effie aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na zaidi kwa kuwa moyoni alikuwa bado anahesabu dakika alizobakiwa nazo humo ndani.

"Anadanganya!" alipiga kelele. "Hataki kufa. Alitaka niingie tu. Nilijua tangu mwanzo!"

Kweli, hakuna aliyenuna. Daktari alichukua sinia lake, machozi yakimlengalenga. Muuguzi akambandua ndege mlangoni. Na kwa kuwa mgonjwa hakuwa tena na tarehe, mlinzi alikuja kumtoa mgeni, kwa upole. Karata zilibaki kitandani.

Ndani ya gari Effie alilia mpaka vioo vikaingia ukungu. Ndipo paa likagongwa juu ya kichwa chake. Mara tatu, taratibu. Akashuka mbio. Theluji mpya ilikuwa imetanda pande zote, haina alama ya mguu hata wa paka. Simu ikaita.

"Usilie, mwanangu, nakuona," alisema baba yake. "Nimeongea na daktari. Anasema haandiki tena tarehe ya uongo."

"Najua, baba."

"Kwa hiyo nimemwambia safari hii ni kweli."

Effie aliinua macho. Mzee alikuwa dirishani, bado na tai yake, mkono juu. Alitaka kumwambia asithubutu, kwamba yeye atakaa hapo nje akimpungia hata miaka kumi. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Lini?" aliuliza.