Nafasi ya Lakica

Mimi sipendi safu iliyopinda. Wenzangu katika jumuiya ya wanafunzi Waislamu wananiita Mama Rula, nami sikasiriki, maana mtu akishindwa kunyoosha mguu wake kwenye mstari wa zulia, atanyoosha nini maishani? Kila muhula mpya ukianza, kazi yangu ni kuwapokea mabinti wapya msikitini, kuwaonyesha pa kutawadha, kuwapa chai na chapati, kisha kuwapanga. Bega kwa bega, mguu kwa mguu. Imamu akisema zibeni mapengo, mimi Halimah ndiye ninayeyaziba huku nyuma ya pazia la wanawake.

Muhula huu niliifanya kazi hiyo kwa moyo mzito. Rafiki yangu Lakica, niliyepanga naye makaribisho yote, aligongwa na bodaboda akitoka kwao mtaa wa Namuwongo, siku chache tu kabla hatujaanza. Alikuwa amelazwa hospitali moja upande wa Bukoto, hajui usiku wala mchana. Kumwona hatukuruhusiwa. Mama yake, Mama Akech, Mkenya anayeuza mitumba na mlokole wa kutupwa, hakuwahi kutusamehe kwamba binti yake alisilimia kwetu. Tulipofika mlangoni mwa wodi alitutazama mpaka tukainamisha macho. "Nyinyi mulishanichukulia mutoto mara moja," alisema. "Inatosha." Tukageuka na matunda yetu.

Basi alasiri ya kwanza ya makaribisho, mvua ikipiga mabati, nikaona pengo. Lilikuwa mkono wangu wa kulia hasa, upana wa mtu mmoja. Ng'ambo ya pengo alisimama binti mpya aitwaye Amito, mtoto wa mwanajeshi kutoka Gulu, mpole hadi anakera. Nilimvuta nguo.

"Sogea, ziba hapo."

Akasogea nusu hatua, akarudi haraka. "Samahani," alisema, lakini hakuniambia mimi. Aliiambia ile nafasi tupu.

"Unamwomba nani samahani?"

"Huyu dada. Nimemukanyaga mguu."

Imamu akapiga takbira, nikakosa wasaa wa kumgombeza. Nilisali na pengo ubavuni, nimekasirika, nikijiambia kwamba watoto wa siku hizi wanakuja chuo akili wameziacha kwenye basi. Lakini tulipotoa salamu, nilipogeuza shingo kulia, nilinusa dawa. Ilikuwa ile dawa wanayosugulia sakafu za wodi, na ilikuwa karibu sana na pua yangu.

Siku iliyofuata Amito alikuwa katika siku zake, hasali, kwa hiyo akakaa nyuma ukutani na vikombe vya chai kama ilivyo desturi yetu. Pengo likawa palepale. Mabinti wapya waliliacha bila kuambiwa na mtu, kila mmoja akijibana kidogo, kama unavyompisha mtu mlangoni. Sala ilipokwisha nilimwita Amito pembeni kwa ukali, maana mimi nikiogopa huwa mkali.

"Jana ulimkanyaga nani? Na leo umeona nini?"

"Ni yuleyule, dada. Leo nimeona mugongo tu, si niko nyuma? Mutu mwembamba, hijabu ya kijani. Amebana hapa nyuma ya sikio na pini kubwa, ile ya nepi ya mutoto."

Lakica, tangu asilimu, alikuwa na hofu moja tu duniani, hijabu kumvuka mbele za watu. Pini za kawaida hakuziamini. Alijinunulia ile ya nepi, tukamcheka mpaka tukachoka, naye akaendelea kuivaa. Amito hakuwahi kukutana naye, wala mabinti wapya hawakuwa na habari kwamba kuna Lakica. Labda ndiyo maana waliweza kumwona. Sisi tuliojua yuko kitandani macho yetu yalishakataa.

Nilijifungia chooni nikalia. Nililia kwa hofu, na pia kwa furaha, Mungu anisamehe. Mama yake alitufungia mlango, Lakica akatafuta pa kupita.

Kuanzia hapo nikawa mlinzi wa pengo. Mimi, Mama Rula! Kamis, amiri wa jumuiya yetu, kijana wa ndevu chache na hukumu nyingi, alikohoa nyuma ya pazia.

"Dada Halimah, nimeambiwa safu yenu ina pengo. Pengo ni njia ya shetani."

"Shetani gani anabana hijabu kwa pini ya nepi?"

Nikasikia akirudi upande wa wanaume. Nadhani aliona nimerukwa na akili. Siku ya pilau ya makaribisho alikuja mke wa sheikh mgeni, mama wa heshima na mwili wake, akaenda moja kwa moja kusimama pale. Nilimshika mkono nikamwondoa mbele ya watu wote. Minong'ono ilizagaa hadi upande wa wanaume, na Kamis alinitaka nimwombe radhi yule mama. Nilimwomba, lakini pengo sikulitoa. Niliamini namhifadhia rafiki yangu njia ya kurudi.

Jumatatu, adhuhuri imeshasaliwa, Mama Akech akatokea mlangoni mwa msikiti. Viatu alikuwa amevivua, amevishika mkononi. Nilipoona vile nikajua hakuja kugombana.

"Wewe ndiye Halimah?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Niambie munamufanyia nini mutoto yangu."

Akaendelea kwa sauti ya chini, akitazama zulia.

"Mimi nashika mukono yake. Iko na joto. Lakini ile saa munaita sala, mukono inakuwa baridi, inakuwa nyepesi kama glavu haina mutu ndani. Mukimaliza, anarudi. Mwanzo alikuwa anarudi haraka. Jana jua imezama bado nangoja. Daktari amekuja, ameangalia mashini yake, halafu ameanza kuniangalia na huruma."

Nilimweleza yote: pengo, hijabu, pini, harufu. Nilitarajia atamkemea shetani kwa jina la Yesu. Hakukemea mtu. Aliketi kwenye kizingiti.

"Anakuja kwa sababu mumemuwekea mahali," alisema. "Hapa anapapenda. Mimi sina ubishi tena na hiyo. Awe Mwislamu, awe nini, lakini awe. Funga hiyo mahali, mwanangu, nakuomba. Akikosa pa kusimama, atarudi kwangu."

Akachukua namba yangu ya simu, akavaa viatu akaondoka kwa boda, awahi kuushika ule mkono kabla ya alasiri.

Sijawahi kuichukia adhana maishani mwangu ila siku ile. Nilisimama mahali pangu, pengo kuliani. Ile harufu ya dawa ilikuwa imeshafika. Nilifikiri, vipi kama mama amekosea? Vipi nikimfungia, naye akakosa pa kwenda kotekote? Imamu akasema sawazisheni safu, zibeni mapengo. Nikapiga moyo konde, nikahamia kulia, mguu wangu ukagusa mguu wa binti wa ng'ambo, nikawaamuru wa kushoto wanifuate wabanane nami.

Tulipoanza kusoma Fatiha, kitu baridi kiligusa bega langu kutoka nyuma. Kiligusa polepole, kwa adabu, kama mtu anayeomba njia. Nilikaza. Kikagusa tena, sasa kwa nguvu, baina yangu na yule binti, na yule binti akaanza kujisogeza ili apishe. Nikambana kwa kiwiko. Katika sijida vidole baridi vilitambaa juu ya vidole vyangu, vikavishika. Nilivijua. Ndivyo nilivyovishika siku Lakica anatamka shahada, vikitetemeka vilevile. Mahali pa tasbihi nilisema kimoyomoyo: nenda kwenu, Lakica, nenda kwa mama. Zulia likalowa machozi. Vidole vikaachia.

Baada ya salamu Amito alikuja kutoka ukutani, kikombe cha chai mkononi.

"Alisimama nyuma yako muda murefu, dada. Halafu akageuka, akatoka mulangoni."

"Ulimwona uso?"

"Alikuwa analia."

Niliishika simu yangu mapajani, nikangoja. Chai ikapoa. Simu ilipolia niliidondosha, nikaiokota. Alikuwa Mama Akech.

"Amefungua macho," alisema. "Amekunywa maji, Halimah. Ameniita mama."

Niliporomoka kifudifudi kwenye zulia, nikamshukuru Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio wowote. Mama alikuwa bado anazungumza.

"Lakini analia, hanyamazi. Anasema alikuwa musikitini, mukamunyima nafasi. Anauliza ni nani alimufungia. Nimwambie nini?"

Ndani ya simu, kwa mbali, nilisikia kwikwi za Lakica.

"Mwambie ni mimi," nilisema.