Wimbo wa Thelathini na Moja

Mgeni akiingia mara ya kwanza katika ukumbi ule wa juu ya karakana ya useremala, lazima acheke. Ataona spika mbili zinazomfika mtu mzima kifuani, amplifaya nzito ya kubebwa na watu wawili, nyaya zimetapakaa sakafuni, na bwana mkubwa wa ufalme wote huo ni kidude cha muziki kisichozidi kiberiti, hakina hata kioo, kimebanwa kwenye mkono wa blauzi ya mshonaji nguo. Ndiyo maana wachezaji walimwita Dijei Kiberiti, naye akaitika bila kinyongo.

Kidude alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake. Shemeji ndiye aliyewapigia watu muziki pale kila Jumamosi alasiri kwa miaka ishirini na sita, mpaka ugonjwa ulipomnyang'anya masikio yote mawili. Kabla hayajazima kabisa, alikaa wiki tatu akipanga nyimbo sitini ndani ya kidude: za kupasha miguu, za mwendo, za moto, kisha wimbo laini wa kuwarudishia watu pumzi, halafu mzunguko mwingine.

"Wewe bonyeza ianze tu," alimwambia. "Mengine nimeshakumalizia."

Kisha akajifungia nyumbani. Miezi kumi na moja hakutia mguu ukumbini, na ukimtajia dansi anageuza uso asiione midomo yako.

Jambo hilo lilimkereketa Kiberiti kila siku. Mumewe mwenyewe alipoondoka bila kuaga, miaka ile, shemeji hakumpa pole hata moja. Alimpa nyaya. "Kunja hizi kwanza, kulia utalia ukimaliza," alisema, na nyaya zake hazikuwa za kuisha leo wala kesho. Hivyo ndivyo alivyomtoa machozini. Shukrani ya punda ni mateke, na Kiberiti hakutaka kuwa punda. Alitaka kitu kimoja tu: shemeji arudi kucheza.

Jumamosi hiyo dada alimleta, kwa kisingizio kwamba ngazi zinamshinda akiwa peke yake. Shemeji akaketi ukutani, kofia magotini, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

"Nimemfikisha," dada alinong'ona. "Kumbakiza ni kazi yako, mdogo wangu."

Kiberiti akabonyeza. Nyimbo nne zikaenda kama maji. Tatizo ni kwamba mshonaji hana amani na kitu kilichochomoza kwenye mkono wa nguo, maana hapo ndipo anapochomeka pini zake. Kidole gumba kikapapasa, kikakutana na kiswichi pembeni ya kidude, kikakisukuma ndani bila hata kumwomba mwenyewe ruhusa. Kiswichi kile kilikuwa cha kuchanganya nyimbo.

Ukaja wimbo wa moto. Baada yake, wa moto mwingine. Watu wakangojea laini yao, wakaletewa moto wa tatu.

"Kiberiti, unatuunguza!" alipiga kelele mkunga mstaafu, mkono kiunoni. "Magoti haya nayatumia mpaka Jumatatu!"

Kiberiti alibonyeza mbele, alibonyeza nyuma, kila mara kikaruka kinakotaka. Mpangilio hakuwahi kuujua kwa kichwa; kwa nini aujue, wakati mwenye akili alishaupanga? Sasa aliona aibu ya uvivu wake. Wachezaji walirudi kwenye viti mmoja mmoja, hadi wakabaki mzee wa posta na mkewe, ambao hawajawahi kukubali kushindwa na wimbo.

Shemeji akasimama, akavaa kofia. Lakini badala ya kuelekea mlangoni, alikuja mpaka mezani, akamshika mkono, akakigeuza kidude, akakirudisha kiswichi kwa ukucha.

"Lo! Shemeji, nimekupa kiberiti, wewe unakifuma kama sweta!"

Kisha akaitazama miguu ya mzee wa posta. Akatazama kisigino, akatazama jinsi mkewe anavyozunguka. Spika hakuzijali.

"Huu ni wa thelathini na moja," alisema. "Bonyeza mara nne."

Kiberiti alibonyeza mara nne. Ikaingia laini, ile yenyewe, na viti vyote vikalia kwa mkupuo, watu wakinyanyuka. Alimshika shemeji uso kwa mikono miwili ili ayaone maneno vizuri.

"Asante. Si ya leo tu. Asante ya tangu zile nyaya."

Shemeji alipepesa macho. Kabla hajapata utani wa kujibia, dada alishamvuta mkono.

"Nitachekesha watu," alilalamika.

"Wacheke, wamefuata raha," dada alimjibu.

Wakacheza. Shemeji aliuhesabu wimbo kichwani, midomo ikitikisika, na kichwani mwake wimbo ulikuwa wa polepole kidogo kuliko ule wa spika. Dada alizifuata hatua zake, akauacha muziki ujiendee. Wimbo ulipokwisha, shemeji alikuwa bado ana safari. Kiberiti akausimamisha muziki, asiuruhusu mwingine uanze. Ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyeketi wala kupiga makofi. Wote walisimama walipo wakimngoja, na sakafuni zikasikika jozi mbili za viatu tu, mpaka alipomzungusha mkewe mara ya mwisho na kuinamisha kichwa.

Ndipo makofi yakapigwa. Aliiona mikono, akamgeukia Kiberiti kwa wasiwasi.

"Nimeuwahi?"

Kiberiti alitikisa kichwa. Mtu huyu hakuwahi kumdanganya, naye hangeanza leo.

"Ulikwisha zamani, shemeji," alisema taratibu, machozi yakimtoka. "Tulikuwa tunakungoja."

Shemeji alimtazama mdomo, kisha akawatazama watu wote, mmoja baada ya mwingine. Akavua kofia.

"Basi na Jumamosi ijayo mningoje," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, hata maseremala kule chini wakasimamisha misumeno.